Dirisha la Upande wa Pili

Asubuhi ya Julai huko Ushetu, kabla kengele haijagongwa, kinachosikika kwanza shuleni ni mifagio. Watoto wa zamu wameinama, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika fagio la vijiti, na vumbi linapanda hadi magotini, hadi kifuani, hadi kwenye nyuso zao. Wengine wanafika kwa miguu kutoka vitongoji vya mbali, mikono imefichwa ndani ya mikono ya sweta. Mbeho, watakwambia kwa Kisukuma, na ndivyo ilivyo, baridi inauma. Pua zinatiririka. Mmoja anakohoa, wa pili anamjibu.

Nilisoma shule ya namna hiyo. Madirisha ya darasa letu hayakuwa na vioo wala mbao, yalikuwa mashimo yenye nondo. Ilipofika Juni tulitumwa nyumbani kuleta viroba vikuukuu vya mbolea, tukayaziba navyo, upande wa mashariki na upande wa magharibi. Kisha tukakaa wanne wanne kwenye dawati la wawili. Kufikia kipindi cha pili darasa lilikuwa na joto zuri kabisa. Tulilipenda joto lile. Haikumjia yeyote kwamba lilitoka kwenye miili yetu, na kwamba hewa iliyokuja pamoja nalo ilikuwa imekwisha pita kwenye mapafu yetu. Wiki haikuisha kabla kikohozi cha dawati la nyuma hakijafika dawati la mbele, na kutoka hapo kikaenda nyumbani, kwa wadogo zetu waliokuwa bado mgongoni.

Ni kwa ajili ya viroba vile ninaandika makala haya.

Halmashauri ya Ushetu, yenye makao yake Nyamilangano, ni sehemu ya wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, nyuzi nne hivi kusini mwa Ikweta. Hapana theluji hapa. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi hushika hadi Oktoba, na ndani ya kiangazi hicho Juni na Julai huleta baridi ya alfajiri, kwa kuwa uwanda wote huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku usio na mawingu hauhifadhi joto. Ndiyo miezi ya soko la tumbaku. Nyumba nyingi zimejaa majani makavu yanayochambuliwa, kupangwa madaraja na kufungwa marobota, na watoto hushika kazi hiyo jioni wakitoka shule, ndani ya chumba kilekile watakacholala.

Vitabu vingi vinavyoeleza mafua viliandikwa kwenye nchi za barafu, na vinasema ugonjwa huja na majira ya baridi. Kwetu jambo hili halikai sawa. Virusi vya influenza huzunguka karibu na Ikweta mwaka mzima, vikipanda na kushuka bila kufuata kalenda moja. Ndiyo maana swali la bibi zetu, kama baridi yenyewe huleta mafua, linastahili jibu la heshima.

Jibu la kwanza lilitoka mbali sana, kwenye kisiwa cha Spitsbergen, kaskazini ya mbali ya dunia. Katika majira ya baridi ya mwaka 1930 na 1931 watafiti wawili waliufuatilia mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe huko, mji uliofungiwa na barafu kwa miezi mingi bila meli kufika. Kadiri baridi ilivyozidi, mafua yalipungua, yakakaribia kutoweka. Mwezi Mei meli ya kwanza ilitia nanga. Katika siku chache mafua yakazuka tena mjini. Wachimbaji wale hawakukosa baridi hata siku moja. Walichokosa ni kirusi kipya, na meli ikawaletea.

Lakini bibi hakukosea kabisa. Mwaka 2007 Anice Lowen, Peter Palese na wenzao huko New York waliweka simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa Mbeya na Iringa, kwenye vizimba vilivyopangiwa joto na unyevu. Walioambukizwa influenza waliwekwa jirani na wazima. Hewa ilipokuwa baridi na kavu, ugonjwa ulihama kwa urahisi. Hewa ilipokuwa ya joto na unyevu mwingi, ulihama kwa shida au haukuhama kabisa. Na mwaka 2015 Akiko Iwasaki wa Chuo Kikuu cha Yale pamoja na wenzake walionyesha, kwa kutumia seli za panya, kwamba rinovirusi, jamii inayoleta mafua ya kawaida zaidi kuliko nyingine zote, huzaliana vizuri kwenye ubaridi wa puani kuliko kwenye joto la ndani ya mwili, kwa sababu kwenye ubaridi kinga ya seli huchelewa kuamka. Hewa kavu nayo hukausha ute wa puani unaonasa uchafu na kuusukuma nje. Kwa hiyo asubuhi ya Julai hulegeza mlango, na anayeingia kupitia mlango huo hutoka kwenye pua ya jirani.

Hutokaje? Hapa ndipo elimu yetu ya afya imebaki nyuma, na ninasema hivi kwa uchungu kidogo. Kwa miaka mingi tulifundishwa kuogopa matone: mtu akikohoa, mate huruka hatua moja mbili, huanguka, basi. Ni kweli kwa matone makubwa. Tone la mikroni 100, unene wa unywele hivi, hufika sakafuni kwa sekunde chache. Lakini mdomo unaosema, unaosoma kwa sauti, unaoimba kuitikia salamu ya mwalimu, hutoa vitone vidogo kuliko hivyo kwa maelfu. Kitone cha mikroni tano, kwenye hewa iliyotulia, huchukua nusu saa kushuka kutoka usawa wa mdomo wa mtu aliyesimama hadi sakafuni. Cha mikroni moja huelea kutwa nzima. Na darasa lenye watoto wengi halina hewa iliyotulia: joto la miili huinua hewa, na vitone huinuka nayo na kutembea chumba kizima. Moshi wa sigara ungefanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba moshi tungeuona.

Mwaka 1974, katika shule ya msingi moja kwenye viunga vya mji wa Rochester, Marekani, msichana wa darasa la pili aliingia shuleni na surua. Aliwaambukiza watoto 28 walioketi katika vyumba 14 tofauti. Wengi wao hawakuwahi kukaa naye chumba kimoja. Asilimia 97 ya watoto wa shule ile walikuwa wamechanjwa. Richard Riley na wenzake walipofuatilia waligundua njia: mitambo ya kupitisha hewa ilikuwa inafyonza hewa kutoka madarasani, kuichanganya na kuirudisha humohumo. Shule ilikuwa na pumzi moja.

Ushetu hakuna mitambo hiyo. Kuna kuta nne na bati, na hesabu ambayo mwalimu wa darasa la saba anaweza kuifanya ubaoni pamoja na wanafunzi wake.

Chukua darasa la mita 9 kwa 7, kimo mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 189. Weka watoto 80 ndani yake. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba cha shule ya msingi, lakini tangu michango ilipofutwa mwaka 2016 na watoto kumiminika shuleni, 80 si namba ya kumshangaza mwalimu yeyote wa Kanda ya Ziwa. Mtoto wa miaka kumi aliyetulia kitini hutoa takriban lita 12 na nusu za hewa ya ukaa kwa saa. Watoto 80 hutoa lita 1,000, yaani mita moja kamili ya ujazo. Hewa ya nje ina sehemu kama 420 za hewa ya ukaa katika kila milioni. Kama darasa lingefungwa lisivuje kabisa, baada ya saa moja lingekuwa na sehemu zaidi ya 5,700. Sasa, pumzi inayotoka kifuani ina asilimia kama 4 ya hewa hiyo. Gawanya, na utapata kwamba katika kila pumzi nane anazovuta mtoto, moja imekwisha pita kwenye mapafu ya mwenzake.

Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea nukta. Hakuna mzazi Ushetu ambaye angempa mwanawe kikombe cha maji ambacho sehemu moja ya nane imetoka kinywani mwa mtoto mwingine.

Darasa halisi huvuja, bila shaka. Kuna upenyo kati ya ukuta na bati, kuna mlango usiofunga vizuri. Lakini upenyo huo hautoshi watoto 80. Kinachotosha ni dirisha, na hapa kuna fomula ambayo Shirika la Afya Duniani liliichapa mwaka 2009 katika mwongozo wake kuhusu hewa ya asili hospitalini, nyepesi mno kwa faida yake: kwa chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana, zidisha 0.65 kwa mwendo wa upepo, kisha zidisha kwa ukubwa wa uwazi mdogo kuliko mwingine. Jibu ni mita za ujazo za hewa zinazopita kila sekunde.

Tujaribu. Upepo wa mita moja kwa sekunde ni upepo usiotikisa hata jani, unaupinda moshi wa jikoni tu. Acha wazi nusu mita ya mraba upande huu, na nusu mita upande ule, eneo dogo kuliko mlango wa kabati. Hewa ya darasa lote itabadilishwa mara sita kwa saa, na ile pumzi ya jirani, iliyokuwa moja katika nane, itakuwa moja katika karibu 50. Fungua mita mbili za mraba kila upande, nayo inakuwa moja katika takriban 190. Watoto ni walewale 80. Chumba ni kilekile. Pesa haijatumika.

Sharti ni pande mbili. Fungua upande mmoja pekee, hata kama ni wote, na hewa itaingia kidogo na kurudi palepale, kama maji ya dimbwi. Hewa inahitaji mahali pa kutokea.

Kwamba jambo hili linafanya kazi nje ya karatasi, tunajua kutoka Lima, mji mkuu wa Peru. Rod Escombe na wenzake walipima hewa kwenye hospitali nane za mji huo na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Vyumba vyenye mitambo ya kisasa ya hewa vilihesabiwa kubadilisha hewa mara 12 kwa saa. Vyumba vya kawaida, vikifunguliwa madirisha na milango, vilifikia wastani wa mara 28. Na vilivyoongoza ni vile vya zamani zaidi, vyenye dari za juu na madirisha mapana ya pande mbili, vilivyojengwa na watu waliokuwa wanaogopa kifua kikuu kabla dawa zake hazijapatikana: mara 40. Huko Taipei nako, mlipuko wa kifua kikuu kwenye chuo kikuu kimoja ulikoma baada ya vyumba kuongezewa hewa. Hewa ya ukaa ilishushwa kutoka zaidi ya 3,000 hadi 600 hivi, na wagonjwa wapya miongoni mwa waliokaa karibu na wagonjwa wakapungua kwa asilimia 97.

Watu wa zamani walilijua hili bila vipimo vyetu. Mwaka 1904 shule ya msituni ilifunguliwa Charlottenburg, karibu na Berlin, kwa ajili ya watoto dhaifu waliokuwa hatarini kupata kifua kikuu, wakasoma nje chini ya misonobari. Sisi tunapoona picha ya watoto wanaosoma chini ya mwembe tunaona umaskini tu, na ni haki yetu kutaka kila mtoto awe na dawati na paa. Lakini kwa upande wa mafua na surua, kivuli cha mwembe ni darasa salama kuliko mengi yaliyopakwa rangi. Somo la kuimba, la kughani mashairi, la kusoma kwa sauti kwa pamoja, yaani yale yanayotoa vitone vingi zaidi, lingeweza kuhamia huko kila siku kuanzia saa nne, jua likishapasha ardhi.

Kuna jambo linanisumbua kuhusu madarasa mapya. Mwishoni mwa 2021 serikali ilijenga vyumba 15,000 nchi nzima kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kukabili UVIKO-19: vyumba 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Ilikuwa kazi kubwa, na watoto wengi walipata mahali pa kukaa Januari iliyofuata. Lakini vingi kati ya vyumba vya siku hizi vina madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo kioo kimoja hupita nyuma ya kingine. Dirisha la namna hiyo, hata likifunguliwa lote, ni nusu tu iliyo wazi. Likiingiwa na vumbi kwenye reli yake, halisogei kabisa. Yale mashimo yenye nondo ya shule yangu, bila viroba vyetu, yalikuwa yanapitisha hewa maradufu. Fundi akiongeza mistari miwili ya matofali ya matundu juu ya dirisha, pande zote mbili, usawa ambao hewa ya joto hukusanyika na upepo haumpigi mtoto shingoni, darasa litapumua lenyewe hata mwalimu akisahau.

Maana baridi ni ya kweli, na siwezi kumwambia mtoto asiye na sweta nzuri akae kwenye mkondo wa upepo saa moja asubuhi. Wepesi wa hesabu ile ndio unaomwokoa. Nusu mita ya mraba kila upande inatosha kwa saa mbili za mwanzo, ikiwezekana dirisha la juu au la kona. Wakati wa mapumziko watoto wote watoke na yafunguliwe yote, dakika kumi tu, hewa ya chumba itakwisha kubadilika. Jua likipanda, baki hivyo hadi jioni.

Nirudi kwenye mifagio. Vumbi silo linaloleta virusi, lakini hukwaruza njia ya hewa, na koo lililokwaruzwa hukohoa, na kikohozi husambaza alichonacho mtu. Katika ukanda huu wa dhahabu kuna vumbi baya zaidi: lile la mawe yanayosagwa kwenye makarasha, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, Geita. Ni vumbi lenye silika, linaloacha makovu kwenye mapafu ya mchimbaji na kumfungulia njia kifua kikuu. Baba akirudi kutoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, na nguo zilezile akambeba mtoto, amerudi na kazi nyumbani. Avue, akung'ute nje, aoge kwanza. Na baba au mama anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe makohozi, kwa sababu mtoto mwenye kifua kikuu mara nyingi amekipata kwa mtu mzima anayelala naye nyumba moja.

Shuleni, dawa ya vumbi ni kikombe cha maji. Chovya mkono, nyunyiza sakafuni, subiri kidogo, ndipo ufagie. Mama zetu hufanya hivyo uani kila siku bila kufundishwa. Najua maji ni ya shida. Ndoo moja inatosha vyumba kadhaa, na hata maji yaliyonawiwa mikono yanafaa.

Mikono nayo ina sehemu yake. Mtoto hujishika usoni mara nyingi kuliko tunavyodhani, na rinovirusi huweza kukaa juu ya dawati kwa saa kadhaa. Huko Karachi, Pakistan, Stephen Luby na wenzake waligawa sabuni kwa kaya za mitaa ya kimaskini na kuwafuata kila wiki kuhimiza unawaji. Mwaka 2005 waliripoti kwamba nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilipungua kwa nusu. Siyo kila utafiti uliopata punguzo kubwa hivyo: mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyotolewa mwaka uliofuata yalikadiria asilimia 16 kwa magonjwa ya njia ya hewa kwa ujumla. Hata hiyo 16 ni watoto wengi.

Chombo kipo na kila mwalimu anakijua, kibuyu chirizi. Dumu la lita tano lililotobolewa karibu na mdomo, linaning'inia kwenye mti mlalo. Kamba inashuka hadi kwenye kijiti chini. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanatiririka kama uzi, na mkono haugusi kitu. Kinachoharibika siku zote ni sabuni. Kipande cha mche kikiachwa wazi, kufikia Jumatano hakipo: kimechukuliwa, kimeliwa na kunguru, kimeyeyuka. Njia inayodumu ni kuyeyusha kijiko cha sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, kutoboa kizibo kwa msumari na kuifunga chupa kwenye nguzo. Hakuna anayeiba maji ya povu.

Tulikuwa na somo hili mkononi. Shule zilifungwa Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, na zikafunguliwa zote Juni 29. Watoto walirudi wakakuta ndoo kwenye kila mlango. Baadaye ndoo nyingi zilikauka, zikageuzwa za kuchotea maji ya jikoni. Na hata zilipokuwa zimejaa, tulizungumza kuhusu mikono asubuhi hadi jioni na kuhusu madirisha kwa nadra sana, wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kusafiri hewani.

Kwa nini nishikilie hivi jambo ambalo kwa mtoto wa miaka kumi ni kamasi za siku tano? Kwa sababu ya mtoto asiyekwenda shule. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Kilifi nchini Kenya, Patrick Munywoki, James Nokes na wenzao wa taasisi ya KEMRI, walikwenda kwenye kaya 47 za vijijini na kuchukua sampuli za puani kwa kila mtu, mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita. Walikuwa wanakiwinda kirusi cha RSV, ambacho kwa mkubwa ni mafua na kwa kichanga kinaweza kuwa nimonia ya kumlaza hospitali. Walitaka kujua nani hukiingiza nyumbani. Mara nyingi alikuwa kaka au dada mkubwa, na huyo mara nyingi alikuwa mwanafunzi. Yaani dirisha la darasani linamlinda mtoto ambaye hajawahi kuliona.

Huyo wa mgongoni ndiye wa kumtazama. Mvue nguo ya kifuani akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa saa au simu. Akiwa na miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi ni nyingi. Kama chini ya mbavu panabonyea kila anapovuta pumzi, kama hawezi kunyonya, kama analegea, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na bodaboda ni ghali.

Homa bila dalili hizo ni habari nyingine, na hapa tuna utafiti wetu wenyewe. Mwaka 2008 Valérie D'Acremont na wenzake waliwapima watoto 1,005 wa chini ya miaka kumi waliofika zahanati za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa. Matokeo yalichapwa mwaka 2014. Malaria ilikuwa kwa asilimia 10 na nusu tu. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wengi wa watoto wote walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao kidonge cha antibiotiki hakiugusi. Shinyanga si Dar es Salaam, na kipimo cha malaria kwetu ni lazima. Lakini kikitoka hasi, mzazi asikimbilie dukani kununua amoksilini nusu dozi. Maji, uji, kupumzika, kunyonya zaidi kwa anayenyonya. Kuna kinga ambazo tumekwisha lipiwa: chanjo ya kifaduro ndani ya ile ya magonjwa matano iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2009, ya nimonia iliyoingia kwenye ratiba mwaka 2013, na ya surua kwa dozi mbili. Mwalimu anayeandikisha darasa la awali akiomba kuona kadi ya kliniki, ameifanyia shule nzima kazi ya daktari.

Linabaki la kubaki nyumbani. Mtoto mwenye mafua huambukiza zaidi siku mbili tatu za mwanzo, na hizo ndizo siku ambazo angefaa kulala. Kijijini hili ni gumu. Wazazi wako kwenye tumbaku au machimboni, shuleni kuna uji, na mwalimu anadaiwa mahudhurio. Kwa hiyo sisemi kila pua inayotiririka irudishwe. Mwenye homa na anayekohoa mfululizo abaki, na mwalimu asimwadhibu aliyerudi siku ya tatu na maelezo ya mzazi. Wa mafua mepesi akae karibu na dirisha, upande ambao hewa inatokea, siyo inakoingilia.

Katika kila darasa, nyuma ya mlango au kando ya ubao, kuna karatasi ya zamu iliyoandikwa kwa mkono wa kiranja. Jumatatu hadi Ijumaa. Wa kufagia, wa kuchota maji, wa kufuta ubao, wa kumwagilia miti. Kuna nafasi ya safu moja zaidi. Majina mawili kila siku, mmoja kwa madirisha ya mashariki, mwingine kwa ya magharibi, wafungue kabla ya kengele.